Kichujio na Dhamana ya Mchujaji

Kuchuja ni kazi kongwe kuliko chombo chochote cha umeme. Mama wa pwani hulitia chicha la nazi katika kifumbu, akalikamua, akapata tui na kulitupa chicha; mama wa Mara huupepeta ulezi kwa ungo, akabakiwa na nafaka na kuuachia upepo makapi. Hapana mwenye akili awezaye kuwashtaki wawili hawa kwa udanganyifu. Lakini shahidi akisimama mbele ya hakimu, akaeleza nusu ya aliyoyaona na kuimeza nusu ya pili, hatusemi kuwa ameusafisha ushahidi. Twasema ameuficha ukweli, ingawa kila neno alilolitamka ni la kweli. Kwa sura ya nje mama na shahidi wamefanya kitendo kimoja: wote wamepunguza, wala hapana aliyeongeza kitu. Basi kwa nini mmoja twamshukuru na mwingine twamlaumu? Ni nini kinachogeuza kuchuja kuwa kuficha?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata Tarime, mwezi wa Julai 2024, uani kwa kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa riziki yake ni muziki. Hupiga santuri katika harusi, mahafali na sherehe za tohara ya wavulana, kuanzia Sirari mpakani hadi Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu, na mara nyingine huvuka mpaka wa wilaya akafika Mugumu katika Serengeti. Nasema hupiga santuri kwa mazoea ya lugha tu, maana santuri zenyewe hana. Nyimbo zake zimo katika kompyuta ndogo. Hata hivyo sauti yote, kabla haijafika kwenye spika, hupita katika mikisa kuukuu ya analojia aliyoinunua mkononi mwa mtu, na juu ya mikisa hiyo vimo vinundu viwili vya kuzungusha ambavyo yeye huviita roho ya kazi yake. Hivyo ndivyo vichujio.

Yafaa nieleze kwa ufupi jinsi vinavyofanya kazi, kwa sababu hoja yangu yategemea hapo. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde. Mitetemo ya polepole ndiyo sauti nzito, yaani besi, ambayo kifua huihisi kabla sikio halijaisikia. Ile ya haraka ndiyo sauti nyembamba, kama mlio wa kayamba au wa herufi sini. Kichujio huweka mpaka katikati ya safu hiyo. Kimoja huruhusu sauti nzito kupita na kuzizuia zile nyembamba. Cha pili hufanya kinyume. Ndani yake hamna siri kubwa: mna rezista iupunguzayo umeme, na kapasita, ambayo huachia mitetemo ya haraka ipite kwa wepesi na kuikaidi ile ya polepole. Fundi akizipanga hivi, nzito huzuiliwa. Akizipanga vile, nyembamba hufa. Mashine ya dijitali huigeuza sauti kuwa tarakimu, ikazifanyia hesabu. Hii ya analojia haihesabu chochote; umeme wenyewe ndio unaopungua chini ya kidole, pasipo ngazi wala alama ya kusema hapa ndipo na pale sipo. Mpaka haukuandikwa popote. Wajulikana kwa mkono na sikio la mtu anayezungusha, na ndiyo maana ni dhamana yake.

Kijana alitaka kunionyesha, akauweka wimbo wa litungu. Litungu la Wakurya ni zeze kubwa la nyuzi nane, na sifa yake kuu ni uzito wa sauti. Ukilisikia usiku kwa mbali wadhani ardhi yenyewe yanena. Akazungusha kinundu taratibu. Besi ikapungua, ikapungua, hata ikatoweka, na katika spika ikabaki sauti kama ya nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Baba yake mdogo, mzee wa makamo ya miaka sabini, alikuwa ameketi chini ya mwembe akisikiliza. Akasema, "Hilo si litungu tena, mwanangu. Umemwondoa mtu, umebakiza kivuli chake." Kijana akacheka, akarudisha kinundu mahali pake, na litungu likarudi zima. "Baba," akajibu, "hakuna kilichopotea. Nimemficha kidogo ili akirudi mumshangilie."

Katika maneno haya mawili zimo rai mbili ambazo wanazuoni wangeweza kuzijadili mwaka mzima. Rai ya mzee ni kwamba kitu kizuri ni kizima, na kwamba anayekipunguza amekiharibu hata kama hakugusa sehemu iliyobaki. Rai ya kijana ni kwamba kupunguza si kosa maadamu asili ipo salama. Wimbo umo kompyutani kama ulivyoimbwa, na kilichochujwa ni mpito wake tu.

Kijana ana mashahidi wakubwa. Huko Kingston, Jamaika, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwako fundi wa umeme aliyejulikana kwa jina la King Tubby, aliyefariki mwaka 1989. Yeye alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akaziondolea sauti ya mwimbaji, akaibakiza ngoma na besi, kisha akakizungusha kinundu kikubwa cha kichujio mpaka wimbo wa zamani ukawa kitu kipya. Sanaa hiyo iliitwa dabu, na dunia nzima imejifunza kwake. Aliumba kwa kuondoa, wala hapana aliyesema amewaibia waimbaji koo zao.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Simu ya waya ya zamani ilipitisha mitetemo ya kuanzia 300 hadi 3,400 tu kwa sekunde, na mingine yote ikaikata. Sauti ya msingi ya mwanamume mzima aghalabu huwa chini ya 150. Maana yake ni kwamba mtu aliyempigia simu baba yake hakuisikia kabisa sauti ya msingi ya baba, alisikia mitetemo ya juu inayoiandama, na sikio lake likajaza lililokosekana, akasema pasipo shaka, "Huyu ni baba." Basi tumeishi na vichujio miaka mingi, tukapeana habari za msiba na za arusi kwa njia yake, wala hatukuiita simu mwongo. Hapana budi tukubali kwamba rai ya mzee, ikichukuliwa kwa jumla yake, yazidi kiasi. Anayekataa kila upungufu atakataa hata lugha, kwa kuwa hapana neno libebalo jambo zima.

Hata hivyo sikurudi nyumbani nikiwa upande wa kijana, na sababu ni kisa alichonisimulia yeye mwenyewe jioni ile, baada ya mzee kwenda kulala.

Ilikuwa Desemba 2022. Wasomaji wanaoijua Mara wanafahamu kwamba miongoni mwa Wakurya majira ya tohara kwa desturi huangukia miaka inayogawika kwa mbili, wakati wa likizo ndefu ya shule. Aliajiriwa kupiga muziki katika boma moja. Akaambiwa sherehe ni ya mvulana aliyetoka tohara, jambo la halali na la furaha. Watu walikuwa wengi, ng'ombe alichinjwa, spika zilisimamishwa uani. Ulipofika usiku akafanya kama afanyavyo siku zote: katikati ya wimbo akaiondoa besi yote kwa kichujio, ili watu waingojee, kisha airudishe kwa kishindo. Katika zile sekunde chache ambazo uzito wa sauti ulikuwa umeondoka, akasikia kutoka katika nyumba iliyokuwa nyuma ya spika mtoto wa kike akilia. Hakikuwa kilio cha mtoto aliyenyimwa kitu. Kijana ni mzaliwa wa huko, alikijua. Kumbe mvulana alikuwa pazia, na ndani walikuwamo dada zake wawili.

"Mwalimu," akaniambia, "watu walikuwa wamenyoosha mikono juu, wanaingojea besi. Nami niliirudisha."

Kisha akaniuliza kama alikosa. Nilimwambia nitafikiri. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Nilianza kwa kusema kwamba kuchuja ni kupunguza. Sasa sina budi kulisahihisha neno hilo. Kijana alipoiondoa besi, alipunguza. Lakini tendo lile halikuficha kitu, bali lilifichua. Aliporudisha besi, kwa mizani ya umeme hakuondoa chochote, aliongeza. Na hapo ndipo kilio kilipochujwa kisifike masikioni mwa watu. Kwa hiyo kuchuja si suala la kupunguza wala la kuongeza. Ni kuchagua kipi kifike na kipi kisifike. Shahidi wetu wa mahakamani angaliweza kuuficha ukweli kwa kunyamaza, na angaliweza kuuficha vilevile kwa kusema maneno elfu yasiyohusika. Kelele nayo ni chujio, tena ni chujio gumu kulishtaki, kwa maana kila mtu huliona kuwa ni furaha.

Ikiwa ndivyo, tutampimaje mchujaji? Mimi naona viko vipimo vitatu. Cha kwanza ni marejeo: je, kilichoondolewa chaweza kurudishwa? Cha pili ni ujuzi: je, anayepokea anajua kwamba kitu kimeondolewa? Cha tatu ni gharama: je, ni nani anayelipa kwa kukosekana kwake?

Tuvijaribu. Makapi ya ulezi hayarudi. Ila kila mlaji wa ugali anajua kwamba yalikuwapo, na makapi hayaumii. Mama ametoka salama. Besi inayofichwa ngomani hurudi baada ya sekunde nane, wachezaji wote wanajua mchezo, na hapana anayelipa ila kwa jasho lake. Mpiga santuri naye ametoka salama. Simu ilikata, lakini sikio la mwana lilijua kujaza. Shahidi yeye ameanguka: hakimu hakujua kwamba nusu imemezwa, na mshtakiwa asiye na hatia akailipa nusu hiyo kwa miaka ya kifungo. Katika vipimo hivi kizito kuliko vyote ni cha tatu. Vile viwili vya kwanza hutuonyesha kama kuna hila. Hiki hutuonyesha kama kuna dhuluma.

Na kijana wetu? Kabla hajakisikia kilio hana lawama, maana alidanganywa. Baada ya kukisikia, hakuwa tena na kinga ya kutojua. Nakubali kwamba jeraha lilikuwa limekwisha kutiwa na asingeweza kulifuta. Nakubali kwamba mtu mmoja mbele ya boma zima ana haki ya kuogopa. Lakini mtoto yule alihitaji hospitali, na penginepo palikuwa na mdogo wake aliyengoja zamu. Kusikia ni mwanzo wa deni. Anayesikia kisha akaongeza kelele amejikopesha kwa mtu asiyeweza kumdai.

Sasa nageukia jambo ambalo kisa hiki kimelifungua, nalo ni kubwa kuliko mikisa. Ukeketaji wa mtoto wa kike aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Licha ya hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, hali kwa nchi nzima idadi ilikuwa 10 katika kila 100. Wako watu wa huko huko waliojibu jambo hili kwa kuchuja. Katika kambi ya Masanga wilayani Tarime, na katika nyumba salama ya Mugumu iliyofunguliwa mwaka 2014, wasichana waliokimbia kisu hupewa hifadhi katika majira ya tohara. Wale wa kambini hupata mafunzo ya utu uzima, na mwisho husherehekewa kwa nyimbo mbele ya watu. Ngoma ipo, nasaha zipo. Kilichoondolewa ni wembe peke yake.

Nilimwuliza mzee wa chini ya mwembe asubuhi yake anaonaje juu ya tohara ya namna hii. Hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, mila ni kama litungu. Nyuzi nane, huwezi kukata moja ukasema limebaki litungu. Tena nani aliyewapa ninyi kinundu cha kuzungusha mila zetu?"

Maneno haya yastahili heshima, na mwenye kuyapuuza hataongea na Wakurya hata siku moja. Hoja yake ina sehemu mbili. Kuhusu ile ya kwanza, kwamba mila ni nzima haikatiki, historia ya wazee wenyewe yaikanusha. Zamani wimbo wa kusifu wizi wa mifugo ulikwenda sambamba na safari ya kwenda kuiba. Leo wimbo waweza kuimbwa arusini na wala mtu hafungi safari. Wako wavulana wanaotahiriwa na tabibu wa hospitali badala ya ngariba, na hapana aliyewanyima rika. Mabadiliko kama haya hayakuiua mila. Mila iliyachuja yenyewe, kwa mkono wa wenyewe, na baraza la wazee, inchama, limeendelea kuheshimiwa.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi: nani ana haki ya kushika kinundu? Mimi mtoka mbali sina. Serikali inayo haki ya kulinda miili ya watoto, lakini sheria haijui kuimba. Nikivirudia vipimo vyangu, naona kwamba mzee amesahau mtu mmoja. Amefananisha mila na litungu, nami nakubali mfano wake. Ila katika mfano huo msichana yu wapi? Yeye si uzi wa litungu. Wala si wimbo uliohifadhiwa mahali, ambao leo twaukata na kesho twaurudisha mzima. Yuko kichujaji kinachopunguza wimbo, na wimbo hurudi. Na yuko mkataji anayepunguza mwili, na mwili haurudi. Mila ikipunguziwa wembe, na wazee wakaona baadaye kwamba wamekosa, wanaweza kukaa barazani wakashauriana upya, maana hakuna kilichokufa. Msichana akikatwa, naye baadaye akaona kwamba alidhulumiwa, hapana baraza liwezalo kumrudishia. Kwa hiyo pale ambapo watu wenye hekima hawajakubaliana, haki yaelekea upande wa tendo linaloweza kurudishwa. Na wa kwanza kuulizwa juu ya kinundu awe yule anayelipa gharama yake.

Nilimwambia mzee hivyo, kwa adabu iwezekanavyo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba mjukuu wake yuko Mugumu shuleni, na kwamba hilo litaamuliwa na mama yake. Sikuongeza neno.

Kabla sijamaliza, imenipasa kusema jambo lililo zito kwangu. Nimemhukumu kijana kwa sekunde nane, mimi je? Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa natafuta shahada, nilikusanya nyimbo katika vijiji vya Tarime. Miongoni mwake zilikuwamo nyimbo walizoimbiwa wasichana asubuhi ile wanapopelekwa. Nilizinakili kwa uangalifu, nikazichambua tamathali, nikasifu urari wa vina na nguvu ya taswira; na maelezo ya mahali na wakati zilipoimbwa nikayafupisha kwa maneno mawili, "nyimbo za jandoni". Niliona kwamba habari ya wembe haihusiani na ushairi. Wasomaji wangu hawakujua kilichoondolewa. Wasichana walioimbiwa ndio waliolipa, nami nikapata shahada. Kwa vipimo vyangu vyote vitatu mimi nilikosa kuliko mpiga santuri, kwani yeye alishtuka usiku ule ule, nami ilinichukua miaka mingi na uani kwa mtu mwingine.

Twafundishwa katika vyuo kwamba mtafiti hana budi kuchagua, na ni kweli. Asiyechuja hawezi kuandika hata ukurasa mmoja. Ila tusijifariji kwamba kwa kuwa hatukuongeza uongo basi tumesema kweli. Kila mara tunapokata, tuulize kimekwenda wapi kile tulichokiondoa, na kimemwangukia nani.

Kijana yungali anapiga muziki, na vinundu vyake vingali vinazunguka. Ila siku hizi, kabla hajapokea arubuni, hufika mapema katika boma na kuuliza sherehe ni ya nani, na dada za mvulana wako wapi. Desemba hutokea akakosa kazi mbili tatu kwa ajili ya swali hilo. Nilimwuliza kama hajuti hasara. Akasema fedha hurudi.

Nami nimezitoa tena zile nyimbo kabatini. Safari hii kila moja itakuwa na mahali pake, mwaka wake, na habari ya msichana aliyeimbiwa, pasipo jina lake, lakini pamoja na yaliyompata.